Mama na Mtoto Tu

Hii nimetumiwa na mtu ambaye kwa kawaida hatumi jambo la maana, nusura niifute. Nikasoma mstari wa kwanza, nikavuta kiti. Usiniulize ni hospitali gani wala mwaka gani, sikuambiwa. Ukiona ndefu, iache usome kesho. Lakini usirukie funzo lililoko chini, maana utakuwa umelamba chumvi ukaacha mboga.

Palikuwa na daktari wa watoto katika mji mmoja wa kanda ya kati, kule kwenye jua kali na vumbi jekundu, ambako mvua ikichelewa kidogo watu wanaanza kugawana maji kwa kikombe. Aliitwa Daktari Kemilembe. Hakuwa mwenyeji. Alitoka upande wa ziwa, kwenye migomba na mvua, na mji ule ulimpenda kwa sababu alikuwa haoni kinyaa wala hachoki.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwasaidia wazazi wapya. Mama akija na mtoto asiyejua kunyonya, Daktari Kemilembe alipiga magoti sakafuni mbele yake. Alimwonyesha namna ya kumpakata mtoto, namna ya kusubiri afungue kinywa vizuri, namna ya kumweka ili asivute chuchu peke yake na kumuumiza mama. Wanawake walioingia wakilia kwa matiti yaliyopasuka walitoka wakipangusa machozi.

Alikuwa na sheria moja. Mlangoni pake alibandika karatasi: MAMA NA MTOTO TU. Waliosindikiza, awe mume, awe shangazi, awe mama mkwe, walibaki nje kwenye benchi refu la mbao. Daktari alisema mwanamke akiwa peke yake husema ukweli. Alikuwa na haki ya kuamini hivyo, maana wengi walikuwa wameusema.

Siku moja akaja Foibe.

Foibe alikuwa na miaka ishirini, mke wa fundi seremala aitwaye Lameki. Mtoto wao wa kwanza, Ezra, alikuwa na siku kumi na nne. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja. Kwenye mizani siku ile alikuwa na kilo mbili na gramu mia nane.

"Mama Ezra, unamnyonyesha mara ngapi kwa siku?" daktari akauliza.

"Kila nikiletewa, daktari."

Hapo ndipo daktari alipopaswa kusimama. Kila nikiletewa. Lakini alikuwa na kina mama ishirini na watatu nje, na neno likapita kama yanavyopita maneno mengi.

"Mweke nione."

Foibe akamweka mtoto titini. Ezra akanyonya vizuri, akameza kwa sauti. Daktari akafurahi.

"Maziwa unayo, na mtoto anajua kazi yake. Sasa nisikilize. Miezi sita ni maziwa yako peke yake. Usimpe uji. Usimpe maji, hata tone. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hutampa maji?"

"Mimi sitampa, daktari."

Foibe hakusema uongo. Yeye kweli hakumpa.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za pale, mzazi wa mara ya kwanza hakai na mtoto wake kutwa nzima. Mtoto wa kwanza ni wa bibi. Bibi ndiye humwogesha, ndiye humbeba, ndiye hujua analilia nini. Mama huletewa mtoto anyonyeshe, kisha mtoto huchukuliwa, mama apumzike na kula. Ni desturi ya upendo, wala msiitukane. Wanawake wengi wamepona uzazi kwa sababu yake.

Na bibi wa Ezra, mama yake Lameki, alikuwa Bibi Damari: mrefu, mkavu, mwimbaji wa kwaya, asiyependa kuulizwa mara mbili. Kila baada ya kumwogesha mjukuu, alimpa maji yaliyochemshwa yakawekwa sukari kidogo, kijiko kwa kijiko, mpaka mtoto ageuze uso. Jioni alimpa uji mwepesi wa uwele. Mtoto akashiba maji, akalala. Akiletwa kwa mama yake, ananyonya mara mbili tatu, anaachia. Na titi lisiponyonywa halina sababu ya kujaza.

Foibe alijaribu mara moja. Alisema mezani, macho yakiwa chini, "Mama, daktari amesema mtoto asipewe maji."

Bibi Damari akaweka kijiko chini. "Katika joto hili? Huyo daktari anatoka kwenye mvua. Anajua nini kuhusu kiu?"

Foibe akamtazama mumewe. Lameki akaendelea kula. "Mama ametulea sisi sita," akasema. "Msikilize mama."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi Lameki huyu simpendi, lakini nawajua kina Lameki wengi na baadhi yao ni watu wazuri.

Wiki ya tano Foibe akarudi kliniki. Ezra alikuwa na kilo tatu kasoro. Daktari akamlaza wodini, mama na mtoto, maana wodini pia aliruhusiwa mama peke yake. Kwa siku tano Ezra alinyonya titi tu, mchana na usiku, na mizani ikapanda gramu mia na hamsini.

Mtu yeyote angeona. Daktari naye aliona, ila aliona vibaya.

"Kumbe unaweza," akamwambia Foibe. "Hapa unanyonyesha kwa sababu nakutazama. Ukifika nyumbani unafanya nini? Unalala?"

Foibe akatazama mlango. Nje, kwenye benchi, Bibi Damari alikuwa amekuja kuwachukua, khanga safi ya kumbebea mjukuu ikiwa begani. Daktari akadhani binti anaharakisha kuondoka.

"Nakuuliza wewe, mama Ezra."

"Nitajitahidi, daktari."

Kama angesema. Najua wengine mnasema hivyo sasa hivi: kwa nini hakusema? Basi kaa kwenye nyumba ambayo si ya mama yako, miezi kumi na minne tangu uolewe, useme mbele ya mgeni kwamba mama wa mumeo anamdhuru mtoto wako. Halafu urudi nyumba hiyo hiyo ukapike.

Wiki ya kumi Ezra aliletwa anaharisha na kutapika. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Daktari Kemilembe alimhangaikia tangu asubuhi. Alitafuta mshipa mkononi, akatafuta mguuni, akatafuta kichwani. Dripu ilipoanza kutiririka ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi na moja Ezra akafa.

Daktari alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira na kifo, na hasira ya namna hiyo hutafuta mtu wa kumwangukia. Akamgeukia Foibe aliyekuwa ameshika mguu wa mtoto.

"Nilikuambia," akasema. "Nilikuambia mara ngapi?"

Wodi nzima ikasikia. Na Bibi Damari, aliyekuwa ameruhusiwa kuingia siku ile moja kwa sababu ya msiba, akasikia. Habari za maji hazikumjia akilini. Alichoelewa ni kwamba mkwewe ana kosa, na daktari analijua.

"Ni maziwa yake," Bibi Damari akalia kwa sauti. "Mimi niliona toka mwanzo. Maziwa yake ni mabaya. Ndiyo maana mtoto alikuwa anayakataa!"

Foibe hakuuachia mguu wa mtoto. Walimzika Ezra kesho yake, katika kijisanduku alichokitengeneza baba yake mwenyewe. Na tangu siku ile, mtaani, kisimani, kwenye kwaya, Foibe akawa yule mwanamke mwenye maziwa mabaya. Kuna wanawake waliokuwa wakimwomba awashikie watoto wao zamani. Wakaacha.

Miaka miwili ikapita, mizito.

Foibe akajifungua tena, mtoto wa kike, wakamwita Tabitha. Siku ya saba wakaenda kliniki: Foibe mbele, Bibi Damari nyuma amembeba mtoto, sukari na chupa ya maji ya moto vikiwa tayari vimenunuliwa na kuwekwa nyumbani kabatini. Foibe alikuwa ameviona.

Jina lao likaitwa. Muuguzi akashika mlango. "Mama na mtoto tu."

Foibe hakusimama.

"Foibe Lameki," muuguzi akarudia. "Ingia."

"Namwomba daktari hapa nje," Foibe akasema.

Daktari Kemilembe akatoka. Alimtambua mara moja. Kuna wagonjwa ambao daktari hawasahau hata akitaka. "Mama Ezra. Kuna nini?"

"Daktari, leo naomba mimi nikae kwenye benchi. Aingie mama."

"Mama yupi?"

"Mama mkwe wangu. Mimi unayotaka kunifundisha nayajua. Miezi sita, maziwa peke yake, hata tone la maji. Nayajua kuliko sala. Mfundishe yeye."

Bibi Damari akasimama, amekasirika. "Unanidhalilisha mbele za watu?"

"Hapana, mama. Naomba tu uingie."

Daktari akaitazama karatasi ya mlangoni pake. Akamtazama bibi. Akakumbuka siku tano za wodini na gramu mia na hamsini, na safari hii akaziona vizuri. Akasema, "Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba," Bibi Damari akajibu kwa shingo upande, akaingia na mjukuu.

Daktari alikuwa ameandaa maneno makali. Ana kalamu mkononi, ana kadi ya Tabitha mezani, ana haki yote. Lakini yule bibi alipoketi alimpakata mtoto kwa namna ambayo daktari mwenyewe huwafundisha watu kwa siku tatu: kichwa na mgongo vimenyooka, tumbo kwa tumbo. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "mtoto mchanga huwa unampa maji?"

"Nampa. Sifichi."

"Nani alikufundisha?"

Bibi Damari akatazama dirisha.

"Hapa hapa," akasema. "Hospitali hii hii. Kabla ya Lameki nilikuwa na mtoto. Yeremia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa ukame, ng'ombe wanakufa barabarani. Maji tulikuwa tunayafuata mbali, machafu, nikaogopa kumpa. Nikamnyonyesha tu. Siku ya kumi na mbili akaanza kuungua. Nikamleta, nikapanga foleni pale dirishani, na akafia mikononi mwangu nikiwa kwenye foleni. Nesi akaniuliza, mtoto umempa maji? Nikasema hapana. Akasema, joto lote hili, umemuua kwa kiu. Wanawake wote nyuma yangu wakasikia."

Daktari akasogeza kiti chake karibu.

"Nikaapa. Hakuna mtoto atakayekufa kwa kiu ndani ya nyumba yangu tena. Nikazaa sita, sita wote nikawapa maji, wote wamekua. Halafu huyu binti ananiambia daktari amekataza maji. Nikasema, wanataka niue tena."

"Mama, Yeremia alikuwa anaungua, ulisema."

"Kama jiwe la jikoni."

"Alikuwa na kitu kingine? Mwilini?"

"Kitovu kilikuwa kimevimba. Kinanuka. Tulikuwa tunakipaka majivu."

"Kilikuwa kinatoa usaha?"

"Ndiyo."

Sasa hapa nataka msome polepole.

"Mama, sikumwona, siwezi kuapa. Lakini kitovu kilichooza, homa, siku ya kumi na mbili: huyo hakufa kwa kiu. Maziwa yako yalikuwa na maji yote aliyoyahitaji, hata kwenye ukame. Uchafu ulimwingia kwa kitovu, ukaenda kwenye damu. Nesi alikosea. Wewe hukumuua mwanao."

Bibi Damari akamvuta mjukuu kifuani. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni alioubeba miaka arobaini na moja. Daktari akamshika goti. Kwa muda mfupi sana, pale chumbani, palikuwa na kitu kinachofanana na furaha.

Kisha uso wa bibi ukabadilika. Ilianza kwenye macho.

"Kama Yeremia hakuhitaji maji," akasema taratibu, "basi Ezra?"

Daktari akaivuta kadi ya Tabitha.

"Nakuuliza, daktari. Ezra."

"Mama, kosa ni langu pia. Nilimfundisha Foibe mara mbili na wewe ukiwa hatua nne kutoka hapa. Nilikufungia mlango. Ningekuita—"

"Sikukuuliza habari za mlango."

Kuna uongo wa huruma ambao sisi sote tungeusema hapo. Mimi ningeusema. Daktari naye aliufikiria. Lakini mbele yake alikuwa na mtoto wa siku saba, na nyumbani kulikuwa na sukari kabatini.

"Maji yalimjaza tumbo, akaacha kunyonya," akasema. "Maziwa yakapungua. Akadhoofika. Kuharisha kulimkuta hana nguvu."

"Wale sita je?"

"Wapo wanaopona, mama. Yeye hakupona."

Bibi Damari akainuka. Akatoka na mtoto, akasimama mbele ya benchi. Kina mama walikuwa wamejaa, wengi wao wa mtaa ule ule, na walikuwa wanamtazama kwa sababu alikuwa analia na hakuna aliyewahi kumwona analia tangu msiba. Akamweka Tabitha mikononi mwa Foibe.

"Maziwa ya mkwe wangu hayakuwa mabaya," akasema, na sauti yake ya kwaya ikafika mpaka dirisha la dawa. "Nisikilizeni. Nilimsingizia. Ni mimi niliyempa mtoto maji."

Kisha akainama kwa Foibe. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Miaka miwili yote hii tunakula sahani moja, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

Foibe akafungua blauzi, akamweka mtoto titini, akasubiri mpaka akamate. "Ningekwambia, ungebaki na nini?" akasema. "Ningenyamaza mpaka nife. Leo nimesema kwa sababu ya huyu."

Tabitha alikua. Kila mwezi mizani ilipanda. Daktari alibandua karatasi mlangoni kwa mkono wake na kuliingiza benchi ndani ya chumba, na tangu siku ile swali lake la kwanza kwa kila mama likawa: "Nyumbani, mtoto anashikwa na nani?" Kisha humwita huyo aketi. Akina Lameki nao wakaanza kuitwa, wakakaa na mikono katikati ya magoti kama wanafunzi waliochelewa. Siwezi kusema ni watoto wangapi wamepona kwa sababu hiyo. Ni wengi.

Lakini sitaki muondoke mnatabasamu. Bibi Damari aliendelea kuja kliniki kila mwezi, kila mara yeye ndiye amembeba Tabitha. Muuguzi akisoma uzito, kina mama hupiga vigelegele, maana mtoto alikuwa bonge. Bibi hapigi. Anasubiri vigelegele viishe, kisha anamsogelea daktari, na kwa sauti ndogo anamuuliza swali lile lile moja.

"Na Ezra, daktari. Leo angekuwa na kilo ngapi?"

Na daktari, ambaye anajua kupima kila kitu, humshika mkono tu.

Ukimaliza kusoma, usimtumie hii mama aliyejifungua juzi. Ana mambo yake ya kutosha. Mtumie mumewe. Mtumie mama mkwe wake. Na kama wewe ni daktari au muuguzi, isome tena kabla hujamwambia mtu "nilikuambia."

Funzo: Kabla hujamfundisha mtu, uliza nyumbani kwake nani anaamua, na huyo naye umpe kiti, na ukimkuta amekosea, muulize kwanza nani alimfundisha, kwa maana neno moja la kumlaumu mtu mwenye msiba linaweza kuzika mtoto mwingine miaka arobaini baadaye.